Barua ya wazi kwa mama mdogo anayepanda meli ya utalii kwa mara ya kwanza

Mama mdogo, shikamoo.

Nimesikia kutoka kwa mwanao, mdogo wangu wa Uholanzi, kwamba amekulipia safari ya wiki moja kwenye meli ya utalii, Bahari ya Mediterania, na kwamba umekubali. Nimefurahi sana. Umesomesha watoto wako na wa wenzio, sasa ni zamu yako kukaa kwenye kiti, uangalie maji, upikiwe. Unajua kwamba kabla sijarudi Kigoma nilifanya kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli za namna hiyo, kwa hiyo nina ya kukueleza. Ninaiweka barua hii wazi kwa sababu Ujiji, Mwanga na Gungu wako akina mama wengi wenye watoto ughaibuni, na mwaliko kama wako unaweza kumfikia yeyote.

Nianze na hofu yako, kwa kuwa mama ameniambia. Wewe meli unayoijua ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, na unayakumbuka mawimbi ya kusi mlipokuwa mkienda Kasanga. Hebu sikiliza jambo hili. Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja hadi kwetu, ikaungwa hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Kiwanda hichohicho cha Papenburg kimejenga meli nyingi kubwa za utalii zinazotembea baharini leo. Moja ya meli kubwa kuliko zote duniani, Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, imejengwa Turku, Finland, kwenye kiwanda chenye jina hilohilo la Meyer. Urefu wake ni mita 365 hivi. Liemba ina mita 71. Zipange Liemba tano, moja nyuma ya nyingine, ndipo utakapoipata meli moja ya aina hiyo. Zaidi ya ukubwa, meli hizi zina mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni chini ya maji ili kuzuia kuyumba. Siku nyingi hutajua kama mnatembea mpaka uchungulie dirishani.

Hata hivyo bahari ikichafuka utaihisi. Mwambie mwanao, kama chumba hakijachaguliwa, achague cha katikati ya meli na cha sitaha za chini. Kule mbele kabisa na juu kabisa ndiko kunakotikisika zaidi. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya kichefuchefu kuanza, na wewe unatumia dawa za presha, kwa hiyo usinunue yoyote dukani bila kumuuliza daktari wako. Ukianza kusikia vibaya, toka nje upate hewa, uangalie pale maji yanapokutana na mbingu. Kukaa na tumbo tupu hakusaidii. Kula kidogo kikavu, na tangawizi ni nzuri.

Sasa makaratasi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari za watu wetu zinapovunjikia.

Meli inapita nchi nyingi, na sisi wenye pasipoti ya Tanzania tunahesabiwa kila bandari. Mwenye pasipoti ya Uholanzi hushuka popote pale bila kuwaza, na ndiyo maana mwanao anaweza asilifikirie jambo hili kabisa. Viza ya Schengen inakufungulia Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki na nyinginezo kwa pamoja. Lakini ikiwa meli yenu itatoka humo, tuseme ikaenda Tunis, au Kotor kule Montenegro, au Istanbul, kisha ikarudi Italia, viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi pale mlipotoka. Unatakiwa uombe ya kuingia mara nyingi, na nchi hizo za nje nazo zina masharti yake. Kampuni ya meli inaweza kukukatalia kupanda tangu bandari ya kwanza ikiona karatasi moja haipo, na hela hairudi. Usikubali kuambiwa na mtu kwamba "hutashuka, utabaki melini, haina shida." Uliza kwa maandishi.

Maombi ya viza hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi mtakayoingilia kwanza. Kwa hiyo kuwa na mtoto Uholanzi hakumaanishi moja kwa moja kwamba unaomba kwa Waholanzi. Hesabuni siku kwenye ratiba: siku ngapi kwake nyumbani, siku ngapi Italia, siku ngapi Hispania. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na sheria inataka isiwe chini ya siku 15 kabla ya safari. Wewe usingoje huko, kwa sababu ni lazima uende Dar es Salaam mwenyewe ukatoe alama za vidole, na kutoka Kigoma hiyo ni safari nyingine. Utahitaji bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hakikisheni bima hiyo inataja safari ya meli, maana hospitali ya melini ipo, daktari yupo, lakini bei yake ni ya kutoa machozi.

Pasipoti yako iangalie leo. Schengen inataka iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka. Kampuni nyingi za meli zinataka sita. Na jina, mama mdogo! Mwanao amekuzoea kwa jina la baba mdogo. Kama tiketi imeandikwa jina la ndoa na pasipoti ina jina la babu, libadilishwe sasa, lisingoje siku ya bandarini.

Kwenye meli nyingine, abiria kama sisi huchukuliwa pasipoti zetu zikawekwa ofisini ili maofisa wa uhamiaji wazikague kwa pamoja. Usishtuke, ni kawaida. Omba risiti, na uwe na nakala mbili, moja kwenye pochi na moja kwenye sanduku.

Kuhusu kufika, usipange kutua siku ileile meli inapoondoka. Ndege ya Kigoma ikichelewa Dar, ya Dar itakuacha, na meli haimngoji mtu. Fika siku moja au mbili kabla, ulale, upumzike. Pia ujue majina ya bandari yanadanganya macho. Ratiba itaandika "Roma," lakini meli inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo mpaka Roma mjini ni mwendo wa treni wa saa moja hivi. Ikiandika "Florence," mtafunga Livorno. Hesabu muda wa kwenda na kurudi kabla hujatoka kutalii.

Siku ya kupanda, masanduku makubwa mtawapa wapagazi nje ya bandari, nayo yatafika mlangoni kwako baadaye, pengine usiku. Kwa hiyo dawa zako zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Weka humo khanga, nguo ya kubadili na miwani. Pasi, hita, birika la umeme, mishumaa, vyote hivyo havipandi. Chetezo na udi viache Ujiji. Kila chumba kina mtambo wa kunusa moshi, na hofu kubwa ya mabaharia wote ni moto. Chakula cha kupikwa nyumbani nacho watakuzuia. Najua ulishaanza kumfikiria mwanao na samaki wake wa mgebuka. Hilo mtalizungumza atakapokuja likizo.

Kabla meli haijang'oa nanga, au mara tu inapoondoka, mtaitwa kwenye zoezi la dharura. Nakuomba, kwa heshima zote, uende, hata kama umechoka na hata kama wenzako wanacheka na kupiga picha. Sisi tuna Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria. Tuna Septemba 2018 na MV Nyerere. Hatuhitaji kuhubiriwa kwamba maji yanaua. Na wenzetu wenye meli kubwa wana yao: Januari 13, 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda Civitavecchia jioni ileile na zoezi walikuwa bado hawajafanya, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Baada ya hapo kanuni ikabadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu mnapoondoka.

Kwenye kadi yako ya chumba kutakuwa na herufi au namba ya kituo chako cha kukusanyika. Nenda kwa miguu, kwa ngazi, usitumie lifti, ukahesabu milango. Milio saba mifupi na mmoja mrefu ndiyo ishara. Ukiisikia, chukua dawa na nguo ya joto kama viko karibu, nenda kituoni. Uliza jaketi okozi liko wapi, maana meli nyingine huweka chumbani na nyingine huweka kituoni. Jaribu kulifunga mwenyewe mkanda wake, usifungiwe na mwanao. Siku ya haja anaweza kuwa sitaha nyingine.

Saa nazo zina lake. Kila jioni utaletewa karatasi ya ratiba ya kesho, au itakuwa kwenye simu, na saa zake zimeandikwa kwa namna ya wenzetu, kuanzia 00 hadi 24. Ikisema 17:30, hiyo ni saa kumi na moja na nusu ya jioni. Italia, Hispania na Ufaransa wakati wa kiangazi chao wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu inaweza kujibadilisha yenyewe mkishuka nchi nyingine. Kwa hiyo vaa saa ya mkononi, iweke kwa saa za meli, uifuate hiyo tu. Utaona saa ya meli kuondoka na saa ya mwisho ya abiria kuwa ndani. Inayokuhusu ni hiyo ya pili, nayo hutangulia kwa nusu saa au zaidi. Nimeshuhudia watu wazima wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi mkononi, meli ikiwa imeshafungua kamba. Aliyeachwa hujilipia mwenyewe hadi bandari inayofuata. Mkienda matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, mkichelewa mtangojwa. Mkienda wenyewe, rudini mapema, na ukate kipande cha ratiba chenye namba ya wakala wa meli bandarini ukiweke kwenye pochi.

Kuna mahali meli haifungi gati, kama Santorini. Itasimama majini na vyombo vidogo vitawapeleka nchi kavu. Hapo wewe ni mwenyeji kuliko Wazungu wote, maana ulishawahi kushuka Liemba kwa mtumbwi huko Kirando. Mpe baharia mkono, usimpe mkoba.

Simu iweke kwenye hali ya ndegeni mara tu mnapoacha bandari. Baharini kuna mtandao wa setilaiti wa meli ambao simu huushika yenyewe, na bili yake ni kubwa mno. Salamu za WhatsApp zitasubiri. Melini hamlipi kwa noti. Kadi ya chumba ndiyo hulipa kila kitu, na deni huonekana mwisho. Kwa hiyo pita mapokezi kila baada ya siku mbili uombe kuona hesabu. Bakshishi ya wafanyakazi mara nyingi huingizwa humo yenyewe, kwa hesabu ya kila mtu kwa siku. Naomba msiende kuifuta. Nyuma ya mlango ule wa kijivu wa wafanyakazi kuna Wafilipino, Wahindi, Waindonesia na Waafrika wanaofanya kazi miezi mingi bila siku ya mapumziko, na fedha ile ni sehemu ya kipato chao.

Kuhusu chakula, kampuni iandikiwe wiki kadhaa kabla kwamba unahitaji halali, kisha mkumbushe mhudumu wa meza jioni ya kwanza. Kwenye bafe uliza kila chenye nyama, usione haya. Nawa mikono kwa maji na sabuni kila unapoingia kula. Ile jeli ya kutakasa mikono pekee haiviwezi sawasawa virusi vya kuharisha na kutapika ambavyo husambaa upesi melini. Kibla kitabadilika kila meli inapogeuka. Televisheni ya chumbani mara nyingi huwa na idhaa inayoonyesha ramani na upande meli inakoelekea, iangalie kabla hujatandika mswala.

Usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango yakachukuliwe. Ubaki na nguo za kesho na viatu. Kila safari alikuwepo mgeni aliyeamka asubuhi na nguo ya kulalia tu.

Kwa sasa nitumie picha ya ukurasa wa tiketi wenye orodha ya bandari, na ukurasa wa kwanza wa pasipoti yako. Nitazipitia zote mbili leo usiku, tujue ni viza gani ya kuomba kabla hujakata tiketi ya kwenda Dar.

Ni mimi mwanao,
Kigoma.