Shukrani kwa mzee wa duka la santuri

Mzee wangu wa duka la santuri kuukuu pale Greensboro, jina lako sikuuliza, na jambo hilo linaniuma. Niliingia kutafuta waya wa redio, nikasimama kwa sababu ya fidla iliyokuwa ikilia humo ndani. Kumbe ni rekodi ya Tommy Jarrell, mpiga fidla wa muziki wa jadi wa Marekani, wa Toast, North Carolina hii hii, aliyezaliwa 1901. Mimi nimelelewa na fidla ya taarabu, laini, ya kubembeleza. Hii inakwaruza, inakimbia, na bado inatoa machozi.

Ukaangua banjo ukutani, ala ya nyuzi yenye uso wa ngozi kama ngoma, ukanionyesha: ukucha unashuka kugonga nyuzi, kidole gumba kinauchokoa ule uzi mfupi wa tano. Ukaniambia asili yake ni Afrika Magharibi, ililetwa na waliouzwa utumwani. Kisha ukaniwekea Joe Thompson, Mmarekani mweusi wa hapa jirani, Mebane, yeye kwenye fidla na binamu yake Odell kwenye banjo. Miaka yote hapa nilidhani muziki huu ni wa Wazungu tu, haunihusu!

Ulinifungia rekodi mbili, ukakataa pesa. Mungu akuzidishie, mzee wangu. Ile ya akina Thompson tunaipiga kila Jumamosi, wanangu wakicheza.