Malalamiko: Niliripoti Mlio, Mkasema ni Kawaida

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KUKATALIWA DHAMANA YA MASHINE YA KUKAUSHIA NGUO

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Nimepiga simu mara nne na kila mara napewa jibu lile lile: mashine yangu imeharibika kwa matumizi mabaya, kwa hiyo dhamana haiihusu. Jibu hilo silikubali. Vipuri vilivyotoka ndani ya mashine hiyo viko mezani mbele yangu ninapoandika, na vinaeleza habari tofauti kabisa.

Mashine ilikuwa haijatimiza mwaka ilipoanza kugonga. Kishindo kilikuja mfululizo pipa likizunguka, zaidi dakika za mwanzo nguo zikiwa bado nzito kwa maji. Nilipiga simu siku ile ile. Mhudumu akaniambia ni sauti ya kawaida, niendelee kuitumia, nami nikaendelea. Baada ya wiki chache ukaongezeka mlio mkali, kama wa bawaba iliyokauka mafuta. Nikapiga tena, na safari hii mkamtuma fundi. Alisikiliza akiwa amesimama, akachomoa chujio, akakitazama, akaandika kwenye fomu: "Chujio safi. Mashine inafanya kazi." Hakulegeza hata skrubu moja. Nakala ya fomu hiyo nimeiambatisha, na naomba muisome vizuri, kwa kuwa ni mkono wa fundi wenu unaoshuhudia kwamba mashine ilikuwa inatunzwa.

Mwezi uliopita mkanda ukakatika. Mota ilikuwa inanguruma huku pipa limetulia. Nilichomoa plagi, nikatia mkono na kulisukuma pipa, likazunguka jepesi mno, bila kitu chochote kulizuia. Hapo ndipo mliponiandikia kwamba dhamana haihusiki. Niliifungua baada ya barua yenu hiyo, si kabla, nikisaidiwa na fundi ninayemwamini.

Pipa la mashine hii linabebwa kwa nyuma na magurudumu mawili madogo ya mpira. Moja limelika upande mmoja hadi kuwa bapa, na mpira wake umeanza kubanduka. Kishindo nilichoripoti kilitoka hapo: kila bapa lilipofika juu, pipa liliruka. Ekseli yake imechimbika mfereji unaoingia ukucha. Gurudumu lilipopungua, pipa likashuka upande huo, na utepe wa feltu (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) unaoziba pengo kati ya pipa na bodi ukasagwa hadi ukachanika. Mashuka yangu meupe yalikuwa yakitoka na mistari myeusi. Kwa miezi nimekuwa nikilaumu sabuni, kumbe yalikuwa yakinaswa kwenye pengo lile. Puli inayokaza mkanda nayo bushi yake, yaani kile kipete cha ndani kinachozungukia ekseli, imekwisha, ukiishika inacheza, na ndiyo iliyokuwa ikilia. Mkanda uliokuwa unapita juu ya puli iliyopinda umenyofoka nyuzi kwenye kingo zote mbili, kisha ukakatika.

Kwa hiyo gurudumu moja lisilojaa kiganja ndilo lililoanza, vingine vikafuata. Kama fundi wenu angefungua siku ile, kazi ingeishia kwenye magurudumu na pengine puli.

Kuna jambo lililonitia hofu kuliko hasara. Kupitia utepe uliochanika, manyoya ya nguo yalikuwa yamejaa sehemu ya chini ya mashine, mengine karibu kabisa na koili ya joto. Manyoya hayo hushika moto upesi. Chujio nilikuwa nalisafisha kila baada ya kukausha, lakini chujio haliwezi kuzuia yanayopita pembeni. Mimi huwasha mashine hii usiku watoto wakiwa wamelala. Sitaki kufikiria zaidi ya hapo, ila nataka ninyi mfikirie.

Mnadai niliijaza kupita kiasi. Ni kweli kwamba mzigo mkubwa humaliza magurudumu haraka, lakini mimi sijawahi kulijaza pipa zaidi ya nusu, na hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kuniuliza. Kitabu cha maelekezo nacho kina kurasa nyingi kuhusu vitufe na hakina hata sentensi moja inayomwambia mteja kwamba kugonga, kulia au madoa meusi ni dalili za kipuri kilichochakaa. Nilipoomba kununua magurudumu, niliambiwa hamuuzi kipuri hicho peke yake, ninunue pipa zima. Pipa langu ni zima. Halina ufa wala kutu.

Ninachodai ni kwamba mashine itengenezwe chini ya dhamana, kwa sababu niliripoti kasoro dhamana ikiwa hai. Yabadilishwe magurudumu yote mawili pamoja na ekseli zake, puli, mkanda na utepe wa feltu, vyote kwa mara moja; mkanda mpya juu ya puli mbovu utakatika tena. Kabla ya kufunga, manyoya yasafishwe hadi kwenye bomba la kutolea hewa. Na kwa ajili ya wateja wengine, uzeni magurudumu hayo peke yake, na mhudumu wa simu akisikia neno "inagonga" atume fundi mwenye bisibisi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka barua hii, fomu ya fundi wenu na vipuri vyenyewe kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji. Vipuri nimevihifadhi, fundi wenu anaweza kuja kuvikagua siku yoyote.

Jina langu na namba ya mashine vimo kwenye nakala ya risiti niliyoambatisha.

Wenu,
Mteja