Kuhusu neno "explicit" katika fomu zako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba kazi ya kutafsiri fomu za ridhaa za wagonjwa inaendelea vizuri. Umeniuliza kama "explicit" yatosha kutafsiriwa "wazi". Kwa maoni yangu haitoshi, na katika fomu za hospitali upungufu huo una uzito mkubwa.

Neno hilo la Kiingereza, "explicit", limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukunjua. Jambo huwa "explicit" linapokunjuliwa likatamkwa kwa maneno, asiachiwe msikilizaji kulifahamu kwa ishara. Kinyume chake si utata, bali ni "implicit", yaani lililofumbatwa ndani ya tendo, desturi au kimya; ndiyo maana jambo laweza kuwa wazi kabisa bila kuwa "explicit". Wewe mwenyewe umehudhuria ndoa nyingi za pwani. Katika fiqhi ya Kishafi, bikira akiulizwa kama ameridhia kuolewa, akainamisha uso na kunyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini, na hakuna aliyemo chumbani asiyeelewa. Lakini mjane au mtalaka sharti atamke kwa ulimi wake. Wanazuoni wetu, basi, waliijua tofauti hii zamani sana.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, nayo imeizingatia. Kwa taarifa za kawaida, ridhaa yaweza kuonyeshwa hata kwa tendo lililo wazi. Lakini taarifa za afya zikitumika kwa msingi wa ridhaa, ridhaa hiyo lazima iwe "explicit". Mfasiri akiandika "wazi" kotekote, ulinzi wa ziada aliopewa mgonjwa unafutika.

Mimi ningeandika "ridhaa iliyotamkwa au kuandikwa bayana", hata kama ni ndefu. (Maana inayobandikwa kwenye nyimbo zenye matusi au mambo ya faragha ni tawi jingine la neno hilohilo, wala lisikusumbue hapa.) Zaidi ya hayo, usiishie kwenye kivumishi. Pale fomu inapoomba ridhaa ya namna hiyo, mwekee mgonjwa sentensi kamili ya nafsi ya kwanza, kwa mfano "Nakubali damu yangu iliyobaki baada ya vipimo itumike katika utafiti", na mahali pa kutia sahihi chini yake.

Nitumie ukurasa huo ukiwa tayari, tuupitie pamoja.

Wako akupendaye daima.