Barua toka Atlanta: choo cha mama msipige tailizi kwanza

Mama shikamoo. Na wewe mdogo wangu, habari za hapo nyumbani. Mi mzima, baridi imeanza ila kazi zinaenda.

Picha za choo cha ndani nimeziona, kimependeza, ila nimeona na maboksi ya tailizi yameshafika, nawaomba sana subirini kwanza.

Siku hizi Jumamosi naenda kujitolea na wale wa shirika la kujengea watu nyumba, Habitat for Humanity, walianzia hukuhuku Georgia mwaka 1976, Millard Fuller na mkewe Linda ndo waanzilishi, hata Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alishika nyundo nao mpaka uzeeni. Wengi wanajua wanajenga nyumba mpya tu kumbe na zilizoharibika wanatengeneza. Sasa tumepelekwa kwa bibi mmoja anaishi na wajukuu wawili, kadunduliza hela miaka, akampa fundi advansi, fundi kabomoa bafu, kapiga tailizi haraka haraka, kamaliziwa hela yake, akapotea, simu hapokei tena. Ukiliangalia jamani lilikuwa zuri, jeupe linang'aa. Nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba, tailizi ikarudi ndani kama mkate uliolowa. Kumbe nyuma kaweka jipsam ya kawaida, ile ya sebuleni, dawa ya kuzuia maji hakuna kabisa, na chini mbao zinazobeba sakafu zimeoza, unachoma bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Bibi wa watu alikuwa anaogesha wajukuu kwenye beseni jikoni. Iliniuma sana mama, nilikukumbuka wewe na kile chumba cha nyuma kilivyovuja baada ya kulipa kila kitu.

Tukabomoa yote. Jumamosi tatu hizo, mbao mpya, bodi za simenti, mteremko robo inchi kwa kila futi kuelekea kwenye tundu la maji, dawa mikono miwili. Sinki tulilipata kwenye duka lao la ReStore, wanauza bei ndogo vifaa ambavyo watu wamewapa. Alafu kabla ya tailizi msimamizi akaziba tundu, akajaza maji, akachora mstari wa penseli maji yalipofika, tukaondoka. Kesho yake maji yako palepale kwenye mstari, bibi akainama akapitisha kidole juu ya ile penseli, akanyamaza.

Kwahiyo mdogo wangu, fundi apake dawa kwanza, ikikauka ziba tundu, jaza maji, chora mstari, mpaka kesho saa ileile. Akisema mnamchelewesha mwambie siku hiyo namlipa mimi. Hela iliyobaki asipewe kabla, na mama usione aibu kwa sababu ni mtoto wa jirani. Nitumie picha mbili, ya leo na ya kesho yake, penseli ionekane.