Kirusi kinachorudi baada ya "kupiga Windows"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wa kompyuta, na wateja wao pia, kuhusu desturi iliyozoeleka mno: kompyuta ya nyumbani ikiingiwa na virusi, fundi huipiga Windows upya, yaani hufuta kila kitu na kuisakinisha tena, huchukua ujira wake, na baada ya muda mfupi mteja hurudi na tatizo lilelile. Hapo huambiwa kwamba kirusi chake ni sugu. Kwa maoni yangu, mara nyingi usugu haumo katika kirusi, bali katika flashi ambayo hakuna aliyeigusa.

Chukua kile kirusi kinachogeuza mafolda kuwa njia za mkato (shortcut), ambacho kila anayechapisha kazi zake stesheneri anakifahamu. Ukifungua flashi unayaona mafolda yako yote, ila kila moja lina kishale pembeni na ukubwa wa kilobaiti chache tu. Yale halisi yamefichwa. Ukibofya, folda linafunguka kama kawaida na huna unachoshuku, kumbe umekwisha kukiendesha kirusi, nacho kinajinakili ndani ya kompyuta, kinajiandikisha miongoni mwa programu zinazojiwasha, kisha kinasubiri flashi nyingine. Fundi aliyefomati diski na kurudisha nyaraka za mteja bila kuzikagua amekirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Utaratibu ulio bora hauna gharama kubwa. Kompyuta iondolewe kwenye intaneti, ikaguliwe kwa Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, katika ule ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, wakati kirusi bado kimelala. Kisha zitazamwe programu zinazojiwasha na kazi zilizopangiwa saa, kwa kuwa humo ndimo kinamojificha. Flashi na kadi za kumbukumbu za simu zifuate. Njia za mkato za bandia zikishafutwa, amri ya attrib hufichua mafolda halisi, kwa hiyo hakuna haja ya kumwambia mwanafunzi kwamba tasnifu yake imepotea.

Lipo pia suala la ukuta wa moto, yaani fayawoli. Tangu Windows XP ilipopata maboresho makubwa ya mwaka 2004, ukuta huo huja ukiwa umewashwa. Ukiuona umezimwa, yupo mtu au programu iliyouzima, na mshukiwa wangu wa kwanza ni programu za kukreki, yaani za kutumia programu za kulipia bila leseni, ambazo nyingi hukutaka uzime kinga kabla ya kuzisakinisha. Kazi ya ukuta huo ni kukataa maunganisho ya kutoka nje ambayo kompyuta haikuyaomba. Mwezi Mei 2017 WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa katika nchi nyingi, hata katika hospitali za Uingereza, kwa kupitia mlango namba 445, yaani njia ya mtandao ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili, pasipo mtumiaji kubofya chochote, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Ukuta uliofunga mlango huo ungeizuia. Hata hivyo, hauwezi kuzuia kile ambacho mwenye kompyuta anakifungua mwenyewe kutoka kwenye flashi, na wanaouza fayawoli kana kwamba ni dawa ya kila kitu wanawadanganya wateja.

Ninapendekeza basi kwamba fundi, kabla ya kukabidhi kompyuta, amwonyeshe mteja kwenye skrini kuwa fayawoli imewashwa na masasisho yanaingia, na aandike kwenye risiti ni flashi zipi alizozikagua. Asiyepewa maelezo hayo ayadai kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Morogoro