Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Newala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya;
Mkuu wa Shule;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Walimu, wazazi na walezi wetu;
Wanafunzi wenzetu;
Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Klabu yetu inafanya majaribio ya Baiolojia na Kemia kwa vifaa tunavyoweza kuvipata hapa hapa. Leo tunaomba tukueleze jaribio moja tu, kwa sababu limetufikisha mbali kuliko tulivyotarajia.

Tulipika uji mwepesi wa muhogo, tukautia katika vichupa viwili. Cha kwanza tulikitia mate mabichi. Cha pili tulikitia mate yaliyochemshwa yakapoa. Vyote tukaviweka kwenye maji ya uvuguvugu wa mwili wa binadamu, yaani nyuzi joto 37, kisha tukadondoshea iodini. Kichupa cha mate yaliyochemshwa kiligeuka bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, dalili kwamba wanga bado upo. Kile cha mate mabichi kilibaki na rangi ya iodini yenyewe. Wanga ulikuwa umevunjwa kuwa sukari na kimeng'enya (enzaimu, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kilichomo mateni, na moto ndio uliokiharibu kimeng'enya hicho katika kichupa cha pili. Bila kichupa cha pili tusingekuwa na la kulinganisha, na jaribio lisingethibitisha kitu.

Ndipo mwenzetu mmoja akauliza: je, muhogo wenyewe nao una vimeng'enya? Unavyo, na hapo ndipo jambo hili linapogusa afya ya watu wetu.

Muhogo mchungu, ambao wazazi wetu wanaupanda kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaupendi, una kemikali iitwayo linamarini. Seli za muhogo zinapopondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo hukutana nayo na kuivunja, na mwishowe hutoka sianidi, ambayo ni sumu lakini huruka hewani kwa urahisi. Kwa hiyo kutwanga, kuvundika na kukausha makopa ni kazi ya kukipa kimeng'enya nafasi ya kuitoa sumu. Na ukiuchemsha muhogo mchungu mzima mzima, unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, kama tulivyoyaua mate, na linamarini inabaki chunguni. Bibi zetu walioukataza muhogo huo usichemshwe tu na kuliwa walikuwa sahihi kabisa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni daktari, unaujua ugonjwa wa konzo. Kwa faida ya wazazi: mtu anaweza kulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekaza, kwa kuwa neva zinazoongoza mwendo zimeharibika. Hauambukizi, lakini hauna tiba. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, ukame wa mwaka 1981 ulileta wagonjwa zaidi ya 1,000. Kwetu uliwahi kutokea Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana huku kusini. Hutokea njaa inapobana: muhogo unakuwa mchungu zaidi kwa ukame, watu wanafupisha maandalizi, na kitoweo hakuna. Ini linahitaji salfa inayotokana na protini ili kuigeuza sianidi kuwa kitu chenye madhara kidogo, ambacho figo hukitoa kwa mkojo. Dagaa au yai kwenye sahani ya mtoto lina kazi hiyo pia.

Kongo watu huloweka muhogo mchungu kwa siku kadhaa. Huku kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina thamani yake, hatuwezi kuwaambia mama zetu wafanye hivyo. Ipo njia inayotufaa, iliyobuniwa na mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury: unga wa muhogo unalowanishwa kwa maji kidogo, unatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1, unaachwa juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Kimeng'enya kilichobaki ungani kinamalizia kazi yake. Shirika la Afya Duniani linataka sianidi isizidi miligramu 10 kwa kilo ya unga, na kuanika juani peke yake mara nyingi hakufikishi hapo.

Njia hii tunaweza kuieleza, ila hatuwezi kuipima. Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, karatasi za pikrati, ambazo hugeuka kutoka njano kuelekea kahawia zinapokutana na sianidi, tuzitumie chini ya usimamizi wa mwalimu kupima unga wa majumbani kwetu. Pili, utusaidie kufika Kituo cha Utafiti cha Naliendele, tukajifunze kuhusu mbegu za muhogo. Tatu, tangi la maji la maabara, kwani sasa tunaosha vyombo kwa maji tunayobeba kutoka nyumbani. Na nne, ambalo halihitaji fedha: wahudumu wako wanapokutana na akina mama kliniki, wawaeleze njia ya kulowanisha unga. Sisi tuko tayari kuja kuionesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.