Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: Ndama wa Fatu atakuwa wa nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni dereva wa watalii, makao yangu Nanyuki. Nimekuwa nikiwapeleka wageni hifadhi ya Ol Pejeta tangu Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, akiwa hai. Sasa wamebaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu, na siku hizi najibu maswali kuliko ninavyoendesha gari. Aprili 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba imewarudisha wale mbwa mwitu wakubwa wa zama za barafu (si hawa wetu wa Laikipia wenye mabaka) waliotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Tangu hapo swali linaloongoza ndani ya gari langu ni moja: ikiwa wale wamerudi, hawa vifaru weupe wa kaskazini mnawalilia nini? Si muwatengeneze wengine?

Huwa nawaambia kwamba wale watoto watatu wa kampuni hiyo ni mbwa mwitu wa kijivu wanaojulikana siku zote, ila vinasaba vyao vimehaririwa mahali 20 ili wapate umbo na manyoya yanayofanana na ya wale wa kale. Ni kazi ya ajabu, sibishi. Ila aliyezaliwa pale si yule aliyetoweka.

Tena maabara haikunitisha. Aliyenitisha ni waziri mwenzako. Doug Burgum, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, ambaye ulinzi wa wanyama walio hatarini uko chini yake, aliisifu teknolojia hiyo hadharani, na papo hapo akailaumu orodha ya wanyama wanaolindwa kwamba mnyama akishaingia hatoki. Hirola wa Garissa hawafiki 500. Bongo wa mlimani waliobaki porini hawafiki hata 100. Siku serikali itakapoanza kuamini kwamba mnyama anaweza kufa kisha akaagizwa maabara, ni nani atakayewapigania hao kwenye bajeti?

Usinielewe vibaya, mimi si adui wa sayansi. Ningekuwa adui, nisingekuwa nasimama kwenye ua wa Najin na Fatu nikiwaombea wale madaktari wafaulu. Wageni wengi hawajui kazi yenyewe ilivyo. Fatu analazwa kwa dawa, kifaa kirefu kinaingizwa kwa nyuma kikiongozwa na mashine ya kupiga picha za tumboni, na sindano inachomwa hadi kwenye ovari kando ya mshipa mkubwa wa damu. Mkono ukiteleza, kifaru amekwenda. Mayai yanapelekwa Cremona, Italia, yanatungishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, kisha viinitete, yaani mimba changa kabisa, vinahifadhiwa kwenye nitrojeni huko huko Italia na Berlin. Mara ya kwanza, Agosti 2019, yalipatikana mayai 10 kwa mama na binti. Viinitete vikawa viwili tu, vyote vya Fatu. Najin alistaafishwa kazi hiyo mwaka 2021 kwa sababu ya umri na uvimbe tumboni. Fatu mwenyewe kizazi chake hakiwezi kubeba mimba, kwa hiyo anatafutwa jike wa vifaru weupe wa kusini, jamaa zao wa karibu, ambebee.

Na jike mmoja wa kusini alibeba kweli. Kiinitete kilikuwa cha vifaru wa kusini, kwa majaribio, kikapandikizwa Septemba 2023. Novemba mvua kubwa zikaja, mafuriko yakafukua vimelea ardhini, jike akafa kwa maambukizi. Walipompasua walikuta kijusi cha dume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Hiyo ndiyo habari iliyotangazwa duniani kama ushindi, na kwa mwanasayansi ni ushindi kweli, maana ilithibitisha kwamba njia inapitika. Ila hata kwa mnyama ambaye jamaa yake wa karibu anakula nyasi pale pale, mwendo ni huo. Sasa fikiria mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Huku kwetu ukimwachia rafiki ng'ombe wako akutunzie, mnakaa kwanza mkakubaliana: maziwa ya nani, ndama wa nani, akifa ngozi anaonyeshwa nani. Hakuna anayengoja ng'ombe azae ndipo maneno yaanze. Kwa makaratasi, Najin na Fatu ni mali ya bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, walikotoka pamoja na madume Sudan na Suni Desemba 2009. Mbegu zimetoka kwa madume waliofia kifungoni. Mayai yametolewa Laikipia, utungisho umefanyika Italia, viinitete vimegandishwa Italia na Ujerumani, na tumbo ni la jike wa Kenya anayelindwa na askari wa Kenya usiku na mchana. Ndama akizaliwa, atakuwa wa nani? Ndama wake je? Nao wajukuu?

Swali linazidi uzito kwa sababu viinitete si mwisho wa safari. San Diego, Marekani, kuna seli zilizogandishwa za vifaru 12 wa kaskazini, na Japani wanasayansi wamefika mahali pa kugeuza seli za ngozi za Nabire, jike aliyekufa mwaka 2015, kuwa chembe zinazotangulia yai. Wakifika mwisho, kifaru atapatikana bila Fatu kuguswa. Siku hiyo tutabaki tukikodisha matumbo na majani.

Tumeshapitia haya. Mwaka 1992 watafiti kutoka nje walichota vijidudu Ziwa Bogoria, na vimeng'enya vyake vikaishia kufifisha jinzi viwandani ng'ambo. KWS, shirika letu la wanyamapori, ilianza kudai haki yetu mwaka 2004, mali imeshauzika. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiagiza serikali ilinde rasilimali za kijenetiki. Kinalinda nini ikiwa mkataba wenyewe wa mradi huu wa vifaru sisi raia hatuujui?

Halafu kuna majirani. Tusijifanye huyu ni kifaru wetu. Kenya ni mlezi. Kwao ni Sudan, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Uganda na hifadhi ya Garamba kule Kongo, ambako mwaka 2003 walikuwa bado karibu 30 kabla bunduki hazijawamaliza. Juni 2023 Garamba ilipokea vifaru weupe 16 wa kusini kutoka Afrika Kusini. Maana yake pori liko, nyasi ziko, na walinzi wapo wanaothubutu. Ndama wa Fatu, au watoto wake, wana haki ya kurudi huko. Hilo liandikwe mapema, kabla hawajawa kivutio ambacho hakuna mwenye hoteli atakayekubali kiondoke. Nami naishi kwa vivutio, nazijua bei zake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Uuchapishe mkataba wa mradi huu, wote, pamoja na kipengele cha umiliki wa viinitete, seli na watoto. Na kama kipengele hicho hakimo, kiwekwe sasa, Kongo na Uganda wakiwa mezani. Pili, fedha yoyote ya umma itakayoingia kwenye ufufuaji wa wanyama isikatwe kwenye fungu la hirola na bongo.

Muda ni mfupi kuliko unavyoonekana ukiwa Nairobi. Mimba ya kifaru ni miezi 16, na wanasayansi wanataka ndama akulie miguuni pa Najin na Fatu, awaige kula, kuita na kutembea. Najin alizaliwa mwaka 1989, na miguu yake ya nyuma imechoka. Ningependa jibu lako litoke kabla hajaondoka.

Wako mtiifu,
Dereva wa watalii, Nanyuki